Kipimo cha damu cha usonji: tuko Tanga, tumeambiwa tutoe laki nane na nusu. Kipo kweli?

BintiMakorora (mleta mada)

Asalaam aleikum wana jukwaa. Nisomeeni hadi mwisho, naandika saa nane usiku na mtoto bado yuko macho.

Mwanangu wa kiume ana miaka mitatu na miezi minne. Alipokuwa na mwaka na nusu alikuwa na maneno yake matano: mama, maji, nyau, toka, na jina la dada yake. Yakaanza kumtoka moja moja, likabaki "maji", na sasa hata hilo halipo. Ukimwita hageuki. Kutwa anazungusha mfuniko wa sufuria sakafuni, tena mmoja tu, ukimpa mwingine anautupa. Hali kitu ila mkate mkavu na uji mweupe. Honi ya bodaboda inamfanya azibe masikio, ila mimi nikimwita kwa nyuma ni kama nimeita ukuta.

Mama mkwe anasema ni udata, ulimi umefungwa chini, akatwe. Jirani anasema husda, kombe kashakunywa mara mbili. Nesi mmoja wa kliniki ndiye aliyetaja usonji, yaani autism, akatuambia tumwone daktari bingwa wa watoto. Hatujaenda.

Sasa wiki jana shemeji yangu kaniunganisha na kijana mmoja kwa WhatsApp, sitamtaja yeye wala ofisi yake. Anasema wanakuja nyumbani, wanachukua damu na nywele za mtoto, vinapelekwa nje, na baada ya wiki tatu majibu yanarudi yameandika mtoto ana usonji asilimia ngapi na sumu gani zimo mwilini. Halafu kuna dripu za kuzitoa hizo sumu. Kipimo laki nane na nusu, dripu tutaambiwa bei baadaye. Mume wangu kibarua bandarini. Tuna laki sita tulizoweka za mabati.

Naomba mnijibu kama mngemjibu dada yenu. Kipimo hicho kipo?

MzeeWaMofa

Nimeshika kahawa yangu hapa Ngamiani, nasubiri wajuzi.

SahareKwetu

Shoga, laki sita ya mabati usiiguse. Mtu anayechukua damu sebuleni halafu bei ya dawa anaificha, huyo keshajua majibu kabla hajachoma sindano.

ChumaChaPua

Dada, wala usihangaike. Mtoto wa kaka yangu alikaa kimya mpaka miaka minne, leo anaongea hadi tunamwomba apumzike. Mpe muda.

BabaWaPongwe

ChumaChaPua, hiyo "mpe muda" ndiyo iliyonila mimi miaka miwili. Wangu sasa ana miaka 12. Mtoto aliyechelewa kuongea ni jambo moja. Aliyekuwa na maneno yakampotea ni jambo jingine, huyo hasubiriwi hata wiki. Nitarudi jioni nikitoka shamba, nina ya kusema kuhusu damu.

MtuWaMaabara

BintiMakorora, wa aleikum salaam dada yangu. Mimi ni mtu wa maabara, mwaka wa 14 huu nachoma watu sindano na kuinamia darubini. Nakujibu kwanza, maelezo baadaye, maana wengine hawafiki chini: hakuna kipimo cha damu kinachotambua usonji. Si hospitali ya Bombo, si Muhimbili, si India, si Marekani.

Usonji unatambuliwa kwa kumtazama mtoto na kumhoji mzazi. Anageuka akiitwa? Ananyoosha kidole kukuonyesha ndege, si kuomba tu? Anacheza vipi, anarudiarudia nini, alianzaje kuongea na aliachaje? Ndivyo ilivyo tangu Leo Kanner alipoandika habari za watoto 11 kule Baltimore mwaka 1943. Liko hata dodoso la maswali 20 ambalo mzazi analijibu mwenyewe, ila ni la miezi 16 hadi 30, wako kashalipita. Yeye anahitaji jicho la daktari moja kwa moja.

Sasa, huyo kijana uongo wake hakuuokota hewani. Kauchota mahali, akatia maji.

Mwaka 1961 Wamarekani wawili, Schain na Freedman, waliona baadhi ya watoto wenye usonji wana serotonini nyingi kwenye damu, ile kemikali ya kupeleka ujumbe mwilini. Tafiti za baadaye zikaona hivyohivyo, kwa takriban robo hadi theluthi ya watoto wenye usonji. Sikia hapo. Theluthi. Hao wengine wote damu yao ni kama ya mtoto yeyote asiye na usonji. Na wapo watoto wenye ulemavu wa akili, usonji hawana, ambao serotonini yao nayo iko juu. Tena karibu yote inayozunguka kwenye damu imebebwa ndani ya chembe sahani, zile za kugandisha damu, na haivuki kuingia ubongoni. Ya mkononi haikupi habari za kichwani. Miaka zaidi ya 60 imepita, watafiti bado wanaichambua, na hakuna daktari anayeiandikia fomu.

Ikaja glutathioni. Ichukulie kama rangi unayopaka chuma kisile kutu, basi mwili nao una ya kwake. Mwaka 2004 Jill James na wenzake kule Arkansas walilinganisha watoto 20 wenye usonji na 33 wasio nao, wakaona kwa wale 20 iliyo tayari kwa kazi imepungua na iliyokwisha kutumika imezidi. Kazi ya kuheshimika, na wengi wameifuata. Lakini nikwambie jambo ambalo hutalisikia kwa muuzaji: glutathioni ikitoka mshipani inaanza kubadilika papo hapo. Inataka barafu, inataka kutiwa kihifadhi upesi, halafu jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri. Sasa piga picha: sebule ya Makorora saa saba mchana, kichupa ndani ya chupa ya chai yenye barafu, basi la Dar kilometa 350 hivi, kisha ndege. Kitakachopimwa huko mwisho wa safari ni hiyo safari.

MzeeWaMofa

Kahawa imeanza kunoga.

MsomiChumbageni

Mtu wa maabara, kwa heshima, unawakatisha watu tamaa. Mwaka 2017 watafiti wa Rensselaer kule New York walichukua vipimo vya damu vya watoto 83 wenye usonji na 76 wasio nao, vitu hivyohivyo vya glutathioni, wakavitia kwenye kompyuta, ikawatambua wenye usonji kwa asilimia 97.6 na wasio nao kwa asilimia 96.1. Asilimia 97! Malaria yenyewe tunaipima na kuamini majibu. Na mwaka 2018 kundi la Naila Rabbani wa Warwick, Uingereza, wakapima protini zilizoharibika kwenye plazima, yaani majimaji ya damu, watoto 38 wenye usonji kwa 31 wasio nao, wakawatambua wenye nao kwa asilimia 92 na wasio nao kwa asilimia 84. Kwa nini dada asijaribu?

MtuWaMaabara

Msomi, umesoma, na namba zako ni sahihi. Tuzipeleke uwanja wa Mkwakwani.

Jaza uwanja watoto 1000. Tufanye 10 kati yao wana usonji, mmoja kwa mia. Leta kile cha Warwick. Kwenye hao 10 kitakamata 9. Sawa, vizuri. Wamebaki 990 wasio na usonji. Kipimo kinawaachia asilimia 84, ile 16 kinawashika bure. Asilimia 16 ya 990 ni watoto 158. Kwa hiyo mlangoni wanatoka wazazi 167 wenye karatasi inayosema mtoto ana usonji, na wa kweli humo ni 9. Sasa leta kile cha 97. Wa kweli utawapata karibu wote 10, na wa bure 39. Bado wanaolia bure ni wengi kuliko wanaolia kweli, karibu mara nne.

Najua utaniambia watoto hawapimwi uwanjani, wanapimwa wale ambao wazazi wameshashuku. Hapo hesabu inabadilika, nakubali. Lakini hapo ndipo penye kasoro kubwa zaidi. Tafiti zote ulizotaja zililinganisha mtoto mwenye usonji na mtoto asiye na tatizo lolote. Nani anampeleka hospitali mtoto asiye na tatizo lolote? Anayeletwa ni huyu wa Makorora. Swali lake si usonji au mzima. Ni usonji, au hasikii sauti vizuri, au lugha tu imechelewa, au akili inakua taratibu, au kifafa, au viwili kwa pamoja. Kipimo ambacho hakijawekwa mbele ya watoto wa namna hiyo kwa mamia hakijajibu swali lake. Halafu watoto 83, 38, 20, hao hawajazi hata mabasi matatu.

Sikatishi tamaa mtu. Utafiti uendelee. Kinachotafutwa humo ni kipimo cha kesho, mtu asimuuzie dada yangu leo kwa mabati yake.

MsomiChumbageni

Hapo kwenye aina ya watoto waliolinganishwa umenipata. Sikuwa nimeliona.

KakaWaDuga

Wote mnazunguka. Ni chanjo. Ile ya surua ya mwaka na nusu. Yeye mwenyewe kasema maneno yalianza kupotea mwaka na nusu.

SahareKwetu

Ilikuwa lazima mmoja aje nayo.

MtuWaMaabara

KakaWaDuga, umri huo ndio ambao maneno hupotea kwa watoto wenye usonji, wenye chanjo na wasio nayo, na sisi surua-rubela tunachanja miezi 9 na miezi 18, basi vinakutana njiani. Hadithi yenyewe ilianzia kwenye ripoti ya Andrew Wakefield ya 1998, watoto 12 tu. Jarida la Lancet liliifuta 2010, na mwaka huohuo yeye akaondolewa kwenye rejista ya madaktari Uingereza. Denmark walifuatilia watoto 657,461, wakachapisha 2019, chanjo haikuongeza kitu. Surua yenyewe ndiyo inayoua. Nimemaliza, tusihame mada.

UmmuRaskazone

Mimi nauliza, wangu alianza kubadilika baada ya degedege la malaria, alilazwa siku tisa. Hilo nalo ni hadithi?

MtuWaMaabara

Hapana bi mkubwa, hilo si hadithi, na pole sana. Iko ripoti iliyochapishwa 2006 kuhusu kundi dogo la watoto wa Tanzania wenye usonji, na kwa baadhi yao dalili zilijitokeza baada ya malaria kali. Kundi dogo, halithibitishi kwamba malaria ndiyo chanzo, ila malaria ya kichwani inaumiza ubongo, hilo halina ubishi. Mwambie daktari tarehe za kulazwa, beba na karatasi zake kama bado unazo.

Nimesahau la dripu, na hili ndilo lililonifanya niandike tangu mwanzo.

Mnazijua zile chupa za damu zenye kifuniko cha zambarau? Ndani kuna chumvi ya EDTA. Kazi yake ni kukamata kalsiamu, na damu ikikosa kalsiamu haigandi, ndiyo maana tunapata FBP safi, yaani hesabu ya chembe za damu. Dripu za "kutoa sumu" zinazouzwa kwa wazazi wa watoto wenye usonji, nyingine ni kemikali za ukoo huohuo, eti zinakamata madini ya risasi na zebaki. Mwaka 2005 kule Pennsylvania mtoto wa miaka mitano mwenye usonji aliwekewa EDTA mshipani. Kalsiamu yake ikashuka, moyo ukasimama. Hakuzinduka tena, akafa. Dawa za kutoa risasi zipo na zina kazi yake, kwa mtoto ambaye risasi imepimwa kwenye damu ikakutwa juu sana, akiwa wodini, anaangaliwa. Si kwa majibu ya nywele. Nywele zinashika vumbi, mafuta, sabuni, kila kitu cha mtaani.

Dada, wakija na dripu, funga mlango.

BintiMakorora

Nimesoma hiyo ya mwisho mara tatu. Nimempa na mume wangu akasoma. Asante kaka. Lakini sasa naogopa, ina maana nisimtoe damu kabisa?

BabaWaPongwe

Nimerudi. Dada, damu tutatoa, ila tukijua tunatafuta nini. Mimi nimepitia na huyu wangu.

Cha kwanza wala si damu. Masikio. Mimi nilibisha kama wewe, nikasema huyu anasikia, mbona anakimbilia wimbo wa tangazo la sabuni kutoka chumba cha tatu. Daktari akasema mtoto anaweza kusikia sauti fulani na nyingine zisimfikie. Akapimwa, wangu yakawa mazima, lakini tulikuwa na mwenzetu siku ileile, binti wa Muheza, kila mtu alikuwa anamwita bubu mwenye jini, kumbe masikio. Akaondoka na njia nyingine kabisa.

Damu ya wangu ilitolewa kwa mambo ya kawaida tu. FBP, wekundu wa damu ukakutwa chini, na ferritini, yaani akiba ya chuma, imekwisha. Ungetegemea nini, miaka miwili anakula mkate na chai? Akaandikiwa dawa ya madini ya chuma. Hakuanza kuongea, nisikudanganye. Lakini alikuwa halali, anarusha miguu usiku kucha, sisi wote nyumba nzima macho mekundu. Baada ya wiki kadhaa akaanza kulala. Mtoto aliyelala anafundishika. Na mama aliyelala hapigi mtoto. Samahani, ndivyo ilivyokuwa kwetu.

Risasi nayo waliniuliza, kwa sababu alikuwa anakula udongo na kulamba kuta, na jirani yetu alikuwa anapasua betri za magari uani. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wa 2021 linasema ikifika mikrogramu 5 kwa desilita watafute inatoka wapi waiondoe. Kama mtaa wenu kuna mambo hayo, mtajie daktari bila kuulizwa.

Mwisho kuna ya vinasaba, hiyo ndiyo damu iliyo karibu zaidi na unachokitafuta, lakini nayo haisemi "usonji". Inatafuta chanzo kwa mtoto aliyekwisha kutambuliwa. Mfano ugonjwa wa kromosomu X dhaifu, wanahesabu herufi tatu zinazojirudia kwenye jini moja, zikizidi 200 ndiyo ugonjwa wenyewe. Wanaopatikana nao ni wachache kati ya wenye usonji. Faida yake ni kwa mama anayetaka kuzaa tena na kwa dada wa mtoto, maana unatembea kwenye ukoo. Sisi tuliambiwa tusikimbilie, tusubiri bingwa aone kama kuna haja. Tulisubiri, haikuwa haja.

Hizo pesa za mabati, kama lazima zitoke, zitoe nauli ya kumwona bingwa na kurudi, mara ya pili na ya tatu. Mimi nilizipoteza mahali, kwa vidonge vya mtu ambaye sitamtaja, na hata chupa zake sijatupa, mke wangu anawekea pilipili manga.

ChumaChaPua

Mkuu Pongwe, nimekosea kusema "mpe muda". Nafuta kauli.

MzeeWaMofa

Hii ya pilipili manga imenichekesha na kuniumiza kwa pamoja.

BintiMakorora (wiki tano baadaye)

Nimerudi kama nilivyoahidi inbox kwa baadhi yenu.

Yule kijana alikuja. Hakupiga simu, alikuja tu na kiboksi chake cha barafu. Mama mkwe ndiye aliyempokea barazani, mimi nilikuwa nafua. Akamuuliza, "Hiyo damu ikifika huko ikasema hana, mnaturudishia pesa?" Kijana akasema kipimo hakikosei. Mama akamwambia, "Basi na sisi hatukosei," akaingia ndani. Kashaniomba nimsomee uzi huu wote, kumbe alikuwa anausikiliza nikimsomea mume wangu.

Masikio yamepimwa, mazima. Udata daktari kamwangalia mbele ya mama mkwe mwenyewe, ulimi unafika mdomo wa juu, hakuna cha kukata. Wekundu wa damu 8.7, uko chini, kaandikiwa chuma cha maji, anakitema, tunakichanganya kwenye kijiko cha uji baridi kama mlivyonielekeza inbox. Malaria hana. Daktari bingwa alikaa naye sakafuni karibu saa nzima na ule mfuniko wake, akaniuliza maswali hadi ya mimba. Amesema ni usonji. Nilidhani nitaanguka, sikuanguka. Ametuandikia mazoezi ya nyumbani, kumfundisha kuomba kwa kunipa picha mkononi, na nirudi naye kila mwezi. Vinasaba kasema bado.

Kijana kanitumia ujumbe juzi, bei imeshuka hadi laki tano.

Swali langu la leo ni jingine. Nimesikia Irente kule Lushoto kuna shule ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji, nataka nikaone kwa macho kabla hata umri haujafika. Nani ameshapanda basi refu na mtoto wa namna hii? Daladala ya hapa mjini tu tunashuka njiani.

BabaWaPongwe

Mara nne nimekwenda. Panda la alfajiri kabla jua halijapamba, na mwambie kondakta mapema azime redio, wengi wanaelewa ukiwaambia kwa utaratibu. Usikae nyuma, kunaruka. Mombo mshushe kidogo apate hewa kabla ya zile kona za kupanda. Mkate wake mwenyewe, maji yake, kanga ya kumfunika kichwa akianza kuziba masikio.

Na mfuniko usiusahau.